Bimkubwa presha iko sawa nyumbani, akifika kliniki inaruka. Nani mwongo hapa?

#1 Shina la Mwiba
Wakuu habari za jioni. Niingie kwenye mada moja kwa moja.

Bimkubwa wangu ana miaka 67, yuko kijijini huko juu kupita Lukozi, Lushoto. Presha alianza kuambiwa mwaka 2019, sukari ikafuata. Kliniki yake ni mara moja kwa mwezi, Jumanne, kituo cha afya. Mwaka jana nilimnunulia mashine ya kupimia, ile ya kufunga mkononi na kubonyeza, nikamfundisha mjukuu wake wa darasa la sita kupima na kuandika kwenye daftari. Namba za daftari: 128/80, 131/78, 126/82. Mtoto wa kiume nikawa nalala usingizi mnono mjini.

Jumanne iliyopita nilikuwa likizo nikamsindikiza. Kapimwa 168/98. Nikachukua kadi yake, nikarudi kurasa za nyuma: 162, 170, 159, 166. Hakuna mwezi hata mmoja imeshuka chini ya 150. Daktari anataka kumwongezea dawa ya tatu. Tumerudi nyumbani, kapumzika, jioni nikampima mwenyewe kwa mkono wangu: 129/79.

Nani mwongo? Mashine yangu, mashine yao, au mama? Nawasilisha.

#2 Kobe wa Pangani
Siti ya mbele kabisa. Kahawa ninayo, kashata ninayo.

#3 Binti Makorora
Mkuu hilo lina jina, presha ya koti jeupe. Mtu akimwona daktari tu moyo unaenda mbio. Shangazi yangu alikuwa hivyo hivyo, akiitwa jina dirishani jasho linamtoka. Usikubali dawa ya tatu haraka hivyo.

#4 Fundi Redio
Mimi nasema mashine yako. Umenunua wapi, shilingi ngapi, na betri umebadilisha lini? Hizi za bei chee nimezifungua nyingi sana mezani kwangu.

#5 Shina la Mwiba
Kariakoo, elfu 45. Betri za zamani zile zile, ila inawaka vizuri tu.

#6 Fundi Redio
Hata tochi inawaka vizuri na betri mbovu, shida ni kumulika. Weka betri mpya kwanza ndipo urudi hapa.

#7 Mama Chanja
Mimi ni nesi, kliniki ya presha na sukari nimekaa miaka tisa, wapi sitasema. Ngoja niwaambie siri ya jikoni.

Kupima presha kuna masharti. Mgonjwa akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kupishanisha, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, asiongee, na nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Kimkanda kimtoshe mkono: mkono mnene ukiufunga kimkanda kidogo, namba inapanda bila mgonjwa kuwa na kosa lolote.

Sasa njoo siku ya kliniki. Watu sabini, watumishi wawili, mashine moja. Benchi halina egemeo. Mgonjwa anaitwa, anakuja mbio asije akarukwa, anakaa ukingoni, mkono unaning'inia, mimi namfunga huku namuuliza "dawa ulimaliza lini?" na yeye ananijibu. Hapo sharti gani nimelitimiza? Halafu naandika 168 kwenye kadi kwa wino wa bluu na inakuwa ukweli wa serikali.

Sisemi mama yako hana presha. Nasema hiyo namba ni ya mama yako pamoja na benchi letu.

#8 Kobe wa Pangani
"Mama yako pamoja na benchi letu". Dada umeua.

#9 Bodaboda Msomi
Wakuu hamjafika kwenye mzizi. Mimi nabeba wazee wa kliniki wilaya hiyo hiyo. Saa kumi na moja alfajiri, ukungu hujaona hata tairi la mbele, mwezi wa sita na wa saba baridi inakata masikio. Mama wa watu kajifunga kanga mbili na blanketi, ameshika kadi kifuani, barabara ni mteremko na kona, kila nikigusa breki nasikia "Yesu wangu" au "Yaa Rabi" kulingana na abiria. Anashuka miguu imekufa ganzi. Mnamsingizia koti jeupe? Mnitafute mimi.

#10 Shina la Mwiba
@Bodaboda Msomi umenivunja mbavu, lakini bimkubwa hapandi boda. Kwenda na kurudi ni elfu nane, anasema hiyo ni sukari na mafuta ya taa. Anatembea, saa moja na nusu hivi, kushuka kisha kupanda. Na kwa sababu Jumanne huko ni gulio, anabeba na fungu la kabichi au karoti kichwani, anauza kwanza ndipo anaingia kliniki.

#11 Binti Makorora
Subiri kwanza. Bibi wa miaka 67 mwenye presha na sukari anashuka mlima na kabichi kichwani halafu unatuuliza kwa nini namba imepanda??

#12 Shina la Mwiba
Ila juzi nilipomsindikiza tulipanda boda wote wawili, hakubeba kitu, na bado ilikuwa 168. Hapo ndipo akili yangu ilipogota.

#13 Bodaboda Msomi
Nilisema nini mimi? Kona hizo.

#14 Mgosi wa Kaya
Mgosi mwenzangu, tuongee lugha ya nyumbani. Makande. Mnaweka magadi?

#15 Shina la Mwiba
Bila magadi maharage yataiva lini? Yanawekwa. Na kwenye mlenda pia. Lakini chumvi ameacha kabisa tangu alivyoambiwa, anapika chakula chake pembeni.

#16 Mgosi wa Kaya
Basi hajaacha kitu. Magadi ni ndugu wa chumvi, baba mmoja. Kinachopandisha presha kwenye chumvi ni sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu hiyo hiyo. Wazee wetu wanaambiwa "punguza chumvi", wanatii kweli kweli, wanaficha kopo la chumvi uvunguni, kisha wanakoroga magadi kijiko kizima kwenye sufuria kwa sababu hakuna aliyewatajia neno magadi. Mama yangu mdogo alikuwa hivyo miaka mitatu. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, yanaiva bila hayo madude.

#17 Tabibu Mstaafu
Mgosi wa Kaya yuko sahihi kuhusu magadi. Lakini mada ni tofauti ya nyumbani na kliniki. Makande yanaliwa nyumbani, na nyumbani ndiko namba ilikoshuka. Magadi yanaeleza presha, hayaelezi pengo.

Naomba majina ya dawa anazotumia na saa anazomeza.

#18 Mgosi wa Kaya
Sawa daktari, lakini magadi yaachwe hata kama hayaelezi.

#19 Shina la Mwiba
Nimepiga simu, mjukuu kasoma maboksi. Amlodipini ya presha, miligramu 10 kila siku. Bendrofluazaidi, ya presha pia, yeye anakiita kidonge cha mkojo. Na metifomini ya sukari asubuhi na jioni. Vyote vya asubuhi anameza baada ya uji.

#20 Chui wa Magamba
Siku ya kliniki anakunywa uji?

#21 Shina la Mwiba
Hapana. Anaambiwa aende bila kula ili apimwe sukari.

#22 Chui wa Magamba
Umeshapata jibu. Hali, kwa hiyo hamezi. Baba yangu miaka yote alikuwa anapimwa presha siku pekee ambayo hajameza dawa ya presha! Aliambiwa "usile kitu", na kidonge kwake ni kitu. Anafika kliniki saa mbili, anapimwa saa tano, wanamwongezea dozi. Mwisho alikuwa anameza vidonge vya kumwangusha nyumbu, akaanguka kweli, chooni, usiku. Ndipo dada yangu akauliza swali hilo dogo.

Uzi ufungwe.

#23 Kobe wa Pangani
Usifungwe, kashata bado.

#24 Tabibu Mstaafu
@Chui wa Magamba pole kwa mzee. Ni kweli inatokea sana, na ni kweli pia kwamba kidonge cha presha mtu anaweza kumeza na maji ingawa anafunga kwa ajili ya kipimo cha sukari. Ile metifomini ndiyo asubiri hadi apate chakula, la sivyo tumbo litamkoroga.

Lakini nitoe sahihisho. Amlodipini ni dawa inayokaa mwilini muda mrefu, zaidi ya siku nzima. Ukichelewa masaa manne haikimbii yote. Kama mzee wako alikuwa kwenye kaptopili, ile inaisha mapema na hapo maelezo yako yanasimama. Kwa bimkubwa wa mleta mada, kuchelewa kidonge asubuhi moja hakuwezi kuleta pointi arobaini peke yake.

#25 Chui wa Magamba
Mzee alikuwa kwenye kaptopili, kweli. Umejuaje?

#26 Tabibu Mstaafu
Alikuwa anakohoa?

#27 Chui wa Magamba
Mwaka mzima! Tukampima TB mara mbili.

#28 Tabibu Mstaafu
Ndiyo hiyo. Kikohozi kikavu ni madhara yake yanayojulikana.

#29 Bodaboda Msomi
Daktari anapiga ramli humu jamani 😂

#30 Mtaita Mtulivu
Salamu kutoka Wundanyi. Huku kwetu milima ni ile ile, nawaona mkinizungumzia mama yangu. Kitu kilichotusaidia ni wale wahudumu wa afya wa kijiji. Tangu 2023 serikali iliwapa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, huyo wetu ni jirani tu, anampitia mama nyumbani akiwa anakamua mbuzi. Anampima pale pale kwa kigoda. Kliniki wakisema juu, tunaonyesha za jirani. Daktari mwingine anazikubali, mwingine anazitupa. Huko Tanzania hamna hao?

#31 Mama Chanja
Tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kazi wanafanya, ila mashine mkobani inategemea kijiji na mradi uliopita. Wa kwetu ana daftari, miavuli miwili na moyo.

Ila mbuzi kwanza akamuliwe amalize, ndipo apimwe. Dakika tano!

#32 Mtaita Mtulivu
Mbuzi hana dakika tano dada.

#33 Dada wa Duka
Mimi nauza duka la dawa muhimu, kijiji kimoja huko Korogwe. Niulize swali ambalo hamjauliza. Magoti yake vipi?

#34 Shina la Mwiba
Mabovu. Kwa nini?

#35 Dada wa Duka
Kwa sababu namjua mama yako, ingawa sijawahi kumwona. Anakuja kwangu jioni kabla ya siku ya kliniki, anasema "mwanangu nipe vile vya magoti, kesho nina safari." Anachukua diklofenaki vinne. Viwili usiku, viwili alfajiri. Anashuka mlima kama msichana.

Diklofenaki inapandisha presha, inazuia maji na chumvi kutoka mwilini, na inakipiga vita kidonge cha mkojo. Mimi nilifundishwa hivyo kwenye mafunzo ya duka na tangu siku hiyo nawauliza wote kadi. Wengine wananinunia wanaenda duka la pili. Huko hawaulizwi.

#36 Binti Makorora
Dada wa Duka!!! 🔥

#37 Shina la Mwiba
Nimepiga simu tena. Nimemuuliza kwa upole, "Mama, siku ya kliniki huwa unameza kitu cha magoti?" Kimya kidogo. Halafu: "Sasa mwanangu unataka nifikeje?"

Anameza. Na siku niliyokuwepo alimeza pia, kwa sababu hakujua kama nitalipa boda.

#38 Kobe wa Pangani
Hii sentensi ya mwisho imeniuma.

#39 Chui wa Magamba
Na kidonge cha mkojo je? Mama yangu mkubwa siku ya safari hamezi hicho kabisa. Anasema atajisitiri wapi njiani, mashamba yote yana watu.

#40 Shina la Mwiba
Sijamuuliza, naogopa majibu. Kesho.

#41 Mzee wa Soni
Vijana mnajadili kama wazee hawana akili. Mimi nina 71, nina kliniki yangu, ngoja niwape upande wa benchi.

Sisi kliniki siyo presha peke yake. Ni siku ya kuonana. Naambiwa nani kafa, nani kauziwa shamba na mwanawe, bei ya viazi imeshuka au bado. Pale benchi nilipata habari za kifo cha rafiki yangu tuliyesoma naye, nikaitwa jina dakika hiyo hiyo, nikapimwa 180. Nesi akaniuliza "Mzee umekula chumvi?" Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini?

Lingine. Siku ya kliniki nani analinda mahindi? Ngedere wanajua Jumanne kuliko sisi. Unakaa foleni hadi saa nane roho iko shambani. Hiyo mashine inapima na ngedere.

#42 Mama Chanja
Mzee shikamoo. Umenikumbusha wagonjwa wangu wengi niliowauliza swali la chumvi. Samahani kwa niaba ya wote.

#43 Mzee wa Soni
Marahaba mwanangu. Ile kazi yenu ngumu, tunaiona.

#44 Mkaguzi wa Uzi
Nimesoma wote hadi hapa. Kuna kitu hakuna aliyeuliza: tunajuaje kwamba daftari la nyumbani ndilo la kweli? Wote mmekwenda kuichimba kliniki. Anayepima ni mtoto wa darasa la sita. Muulizeni anapimaje.

#45 Fundi Redio
Nilisema toka #4.

#46 Mkaguzi wa Uzi
Ulisema betri.

#47 Shina la Mwiba
Wakuu. Mkaguzi wa Uzi uninunulie soda au nikununulie mimi, sijui.

Nimemuuliza mjukuu. Kwanza, anapima juu ya sweta. Kwetu baridi, bibi havui sweta kwa ajili ya mtu. Na nikikumbuka vizuri, na mimi ile jioni nilifunga juu ya sweta. Nisamehewe.

Pili, na hili ndilo lililonimaliza. Namnukuu mtoto: "Anko, siku nyingine bibi anasema nimechoka, andika kama ya jana."

#48 Kobe wa Pangani
🤣🤣🤣 ANDIKA KAMA YA JANA. Naichora nyuma ya daladala.

#49 Bodaboda Msomi
Bibi ana chuo kikuu cha takwimu peke yake.

#50 Binti Makorora
Kwa hiyo mwongo ni mama. Kesi imeisha kwa kukiri.

#51 Mama Chanja
Haijaisha. Nguo nene mara nyingi inapandisha namba, siyo kuishusha. Mashine inahangaika kubana kupita sweta. Kwa hiyo sweta halitoshi kueleza kwa nini nyumbani ni 129. Na ukikunja mkono wa sweta ukambana juu kama kamba, hiyo nayo inaharibu. Avue mkono mmoja, ajifunike kanga kwengine kote.

Mpimeni upya. Asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kula, mara mbili mbili, siku saba. Na mtoto aambiwe kwamba namba mbaya hazimpi bibi adhabu.

#52 Tabibu Mstaafu
Naunga mkono. Na angalieni saa. Daftari limejaa jioni, kadi imejaa asubuhi. Presha ya mtu kwa kawaida hupanda anapoamka na kushuka usiku, kwa hiyo mnalinganisha saa mbili tofauti za mtu yule yule. Kwa nyumbani mpaka unaotumika ni 135/85, siyo 140/90 ya kliniki.

#53 Mgosi wa Kaya
Na magadi.

#54 Kijana wa Handeni
Mimi mzee wangu ni kinyume kabisa. Kliniki 130, anapongezwa, anapigiwa makofi ili wengine wamuige. Nyumbani 160. Anapenda kwenda kliniki yule, anavaa koti, anapumzika siku nzima, ni siku pekee hachungi ng'ombe. Na nyumbani ana kopo lake la ugoro. Siku ya kliniki analiacha kwa adabu.

#55 Tabibu Mstaafu
Hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayeishtukia. Tumbaku inapandisha, iwe ya kuvuta au ya kunusa. Zungumza na kliniki yake, peleka namba za nyumbani.

#56 Kijana wa Handeni
Nikimtaja ugoro atanilaani mbele ya ng'ombe.

#57 Chui wa Magamba
Wakuu kidogo nje ya mada, bima mnatumia ipi? Sisi tulikata CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa elfu 30 kaya ya watu sita kwa mwaka. Vipimo tulikuwa tunapata, ila dawa nyingine ulikuwa unaambiwa kanunue nje.

#58 Dada wa Duka
"Nje" ndiyo mimi. Karibuni.

#59 Mzee wa Soni
Mimi naingia kwa dirisha la wazee. Dirisha lipo, limeandikwa "Mpishe mzee apate huduma kwanza", lakini siku ya kliniki sote ni wazee. Nani ampishe nani?

#60 Kobe wa Pangani
😂😂 mzee upewe maua yako.

#61 Shina la Mwiba
Mrejesho wa wiki. Mkono mtupu, betri mpya (@Fundi Redio furahi), mtoto ameahidiwa mpira wa miguu akiandika ukweli.

Asubuhi kabla ya dawa: 144/88, 147/86, 141/90, 149/88. Jioni: 133/80, 127/80, 138/84, 130/79. Siku tatu hazipo, kulikuwa na msiba wa jirani na bibi alilala huko.

Kidonge cha mkojo nimeuliza. Siku za safari hamezi, Chui wa Magamba ulisema kweli. Siku za msiba vilevile. Na Jumapili kanisani.

#62 Chui wa Magamba
Jumapili pia! Kwa mwezi hapo anakosa siku ngapi?

#63 Mkaguzi wa Uzi
Tuna nini sasa: koti jeupe, benchi, boda, mlima, kabichi, baridi, magadi, kwenda bila kula, kidonge cha magoti, kidonge cha mkojo, sweta, saa, ngedere, na bibi mwenyewe. Washtakiwa kumi na nne.

#64 Bodaboda Msomi
Naomba boda itolewe kwenye orodha, mteja wangu yuko humu anasoma.

#65 Tabibu Mstaafu
Mleta mada, Jumanne ijayo beba mashine yako uende nayo. Mwombe nesi ampime kwa yao, kisha papo hapo kwa yako, mkono ule ule. Na dawa za magoti mtajie daktari waziwazi, kuna nyingine salama zaidi kwake. Hilo la dawa ya tatu ni la daktari wake kuamua akiwa na picha yote, siyo sisi.

#66 Shina la Mwiba
Likizo imeisha, niko Dar. Ataenda na dada yangu. Nitaleta mrejesho.

#67 Kobe wa Pangani
Kashata zimeisha, naongeza oda.

#68 Shina la Mwiba
Mrejesho, kama nilivyoahidi.

Dada kalipa boda. Hakumeza cha magoti. Amlodipini kameza na maji, metifomini kachelewesha. Kidonge cha mkojo, dada anasema alikiona kinaingia mdomoni, asichojua ni kama kilishuka. Nesi wa zamu akakubali akae kwanza kwenye kiti chenye egemeo, kiti cha nesi mwenyewe. Mashine yao: 156/92. Yangu dakika mbili baadaye: 149/90.

#69 Binti Makorora
Imeshuka kutoka 168! Koti jeupe limebaki na sehemu yake lakini.

#70 Dada wa Duka
Hiyo tofauti ni diklofenaki. Nasimamia hapo.

#71 Mama Chanja
Kiti. Ni kiti.

#72 Mgosi wa Kaya
Jumatatu usiku alikula nini?

#73 Shina la Mwiba
Makande.

#74 Mgosi wa Kaya
Asanteni kwa kunisikiliza.

#75 Mkaguzi wa Uzi
Daktari kasemaje kuhusu dawa ya tatu?

#76 Shina la Mwiba
Kasema tusubiri mwezi mmoja, daftari liletwe, cha magoti kibadilishwe. Bimkubwa mwenyewe nilimpigia jioni. Nikamuuliza, mama, wewe unaonaje, ipi ya kweli? Akasema, "Hiyo mashine yako inanipenda. Ile yao hainijui." Halafu akaniuliza kama nimekula.

#77 Mzee wa Soni
Mwambie Jumanne nyingine nami nitakuwepo, nimebadilishiwa siku. Na aniulizie kabichi huko juu wanatoa bei gani, huku kwetu wanunuzi wametukalia.